Saba Haijengwi Nyumba

Haya nitakayosema nimeyaona miye mwenyewe, kwa macho haya mawili ambayo leo yamegeuka manjano kama ndizi za Mudaka. Hakuna mutu aliyenipigia hadithi, na hata yale yaliyofanyika kabla sijazaliwa niliyaona, maana baba yangu alikuwa akisimulia kitu mutoto anakiona kimesimama mbele yake, na mutoto akiona kitu kimesimama mbele yake, si ameona? Emmanuella, binti yangu, washa simu inase sauti. Weye Delphin, vua hiyo kofia ya pikipiki, hatuendi mahali. Na weye Maman Clémence, bibi yangu, mama wa hawa wawili, fungua mulango upepo wa ziwa unifikie, kisha ukae; usilie bado, nitakuambia wakati.

Saa nane patron Guy, yule tajiri wa kuuza viwanja, atapiga hodi kuchukua karatasi yake. Iko hapa chini ya muto, na kalamu yake pamoja, kalamu nzuri ya chuma, yule mutu hafanyi mambo nusu. Karatasi inasema kwamba miye, Xavier, kapita, musimamizi wa nyasi kwenye terrain, uwanja wa golf ya hapa juu ya Nyalukemba, niliyeingia kazini na miaka kumi na mbili nikibeba mifuko ya wachezaji na leo niko na hamsini na nane, nashuhudia kwamba mashimo matatu ya juu, la saba, la nane na la tisa, hayakuwa ya golf tangu mwanzo, lilikuwa pori tu la kuazima. Karatasi za kale ziliungua wakati wa vita, wazee wamekufa, nimebaki miye peke yangu ninayejua mupaka ulipita wapi. Nikitia sahihi, kule juu kunakatwa viwanja, na ninyi watoto wangu wawili kila mumoja anapewa chake. Nisipotia, terrain inabaki nzima, na kapita baada yangu atakuwa Eulalie, mutoto wa Jean-Baptiste, mutu nitakayemufikia. Ni hayo mawili tu. Na muijue roho yangu: miye nilikwishaamua kutia sahihi. Sikilizeni kwanza kwa nini, halafu musikilize kilichonipata jana.

Kwa nini? Kwa wivu. Padri akija kunizika atatafuta neno lenye adabu zaidi, atasema Papa Xavier alikuwa mutu mwenye bidii. Mumuache aseme, ndiyo kazi yake, lakini ninyi mujue ni wivu.

Hamuwezi kuelewa wivu wangu kama hamujui kile kilima, na ninyi hamukijui, mumelala chini yake miaka yote kama watoto wa muvuvi wasiojua kuogelea. Wabelgiji walipokipima kilikuwa mawe na miiba, na wahandisi wao walisema hapa golf haiwezekani, mupira utaishia ziwani. Ndipo wakaletwa wanawake wa Mudaka, arobaini, na vikapu vya nyasi ya paspalum mugongoni. Nyasi ile haikumwagwa kama mbegu za mahindi. Ilipandwa kijiti kimoja kimoja, mama akiwa amepiga magoti, anachimba kwa kidole, anaingiza, anakandamiza kwa kisigino, anasogea kiganja kimoja, anaanza tena, tangu chini barabarani mupaka juu kwenye mikaratusi, misimu miwili ya mvua. Nyanya yangu alikuwa mumoja wao, na niliona magoti yake, yalikuwa meusi na magumu kama visigino. Kwa hiyo mutu akikuambia ile ni bustani ya wazungu, muonyeshe magoti yako umuambie tulipata wapi haki ya kutembea pale. Mvua zinazobomoa nyumba kule Kadutu zinapita juu ya kile kilima kila mwaka na hakijaangusha hata jiwe moja, kwa sababu ya vidole vya akina mama wale.

Na uzuri wake! Shimo la kwanza ni la kukudanganya, pana na tulivu, unajiona bingwa. La tatu unapiga juu ya bonde wanapofulia akina mama, na mupira ukitua ndani ya beseni hawakasiriki, mama anauweka juu ya jiwe anapaza sauti, "Papa, njoo uchukue yai lako, kuku iko muzima?" La tano tunaliita Mama-mukwe, maana unalisalimia bila kulitazama: liko nyuma ya tuta, unapiga kipofu, na mumoja wetu anasimama juu anagonga kipande cha reli, mara moja umefika, mara mbili umepotea. Nimemuona profesa mumoja akigongewa mara mbili Jumapili nne mufululizo na ya tano akarudi na kilo ya sukari kumupa mugonga reli. Mwewe wa pale wanaiba mipira. Mumoja aliuiba mupira wa konsuli wa nchi fulani, akauatamia kwenye mukaratusi wiki tatu, miye nilipanda kuuchukua na ulikuwa wa moto. Haya, cheka, Emmanuella. Wa moto kabisa.

Halafu unafika la saba. Sisi hatukuwahi kusema shimo la saba, tulisema Saba tu, kama jina la mutu. Saba iko kwenye bega la mulima kama kitanda kilichotandikwa, na ukisimama pale asubuhi unaona rasi zote za muji zimeingia majini kama vidole vya mutu anayejaribu kama maji iko baridi, unaona milima ya Rwanda ng'ambo, na kisiwa cha Idjwi mbali kimelala, na mulima Kahuzi uko nyuma yako inakutazama kisogo. Saa kumi na mbili na nusu kuna umande juu ya Saba mweupe kama chumvi. Unachukua mwanzi murefu, mita tano, unaupitisha polepole juu ya nyasi, fyaa, fyaa, umande unadondoka na nyasi inageuka kijani nyuma ya mwanzi kama mutu anayefunuliwa shuka. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Clémence, nisamehe, hakuna mutu nimemufunua kwa upole namna ile.

Sasa sheria ya kilima ni moja: kila mupira unapenda ziwa. Ukiuona uwanja wa shimo umelala sawa, usiamini, piga ukielekea mulima kidogo, mupira utapinda wenyewe kwenda majini. Kila mubeba mufuko aliijua, na miye niliijua kuliko wote, wachezaji waliniita Profesa Ziwa. Mupaka siku alipokuja Jean-Baptiste.

Alitoka Kadutu, mwembamba, mukimya, umri wangu. Tulipewa mabuti wote, yeye akayavua akayaacha chini ya mikaratusi, akatembea miguu mitupu. Tukamucheka sana. Nikamuambia, "We Jean, mabuti inakukosea nini? Ao kwenu Kadutu hamuyajui?" Akajibu bila kunitazama, "Miye niko nasikia na muguu. Weye endelea kuona na macho, Profesa." Basi ikaja Jumapili ya kombe, watu wametoka Goma na Bujumbura, na kombe lote limebaki kwa mupira mumoja juu ya Saba, hatua nne kutoka shimoni. Muchezaji wangu akaniuliza inakwenda wapi. Nikachuchumaa, nikafumba jicho moja, watu wote wananitazama, nikasema, "Ziwa, Monsieur." Akapiga. Mupira ukaanza kwenda ziwani, niliuona unaanza, halafu ukasimama kidogo kama mutu aliyeitwa na mama yake, ukapinda kwenda mulimani. Muchezaji wa Jean-Baptiste naye akamuuliza mutu wake. Jean-Baptiste akakanyaga pale mara mbili, akasema neno moja, "Mulima." Mupira ukaingia bila kugusa ukingo.

Tangu siku ile hakuna aliyeniita Profesa.

Kwa nini Saba inapinda mulimani, sijui mupaka leo, na miye nimeikata kila siku. Macho yote duniani yanakuambia ziwa. Miguu tu ndiyo inajua, na si miguu yote. Maana nilijaribu, wanangu. Mwezi muzima nilikwenda mapema kuliko wote, navua mabuti, natembea juu ya Saba macho yamefungwa kama mutu anayesali, nasubiri kusikia alichosikia yule. Nilisikia baridi. Baridi na funza wawili, Clémence ndiye aliyewatoa na pini, akaniuliza umekanyaga wapi, nikasema sokoni.

Na wivu ukitoka miguuni unapanda. Wageni wakishuka kwenye magari walikuwa wananipita miye mwenye kofia ya klabu wanauliza yule wa miguu mitupu iko wapi. Hata weye, Clémence, siku ya ubatizo wa Delphin ulisema, "Yule Jean-Baptiste anatembea vizuri." Miaka thelathini! Umesahau? Miye sijasahau, nilikuwa nimeshika sahani ya maharage, nikaiweka chini.

Ndipo nilifanya jambo ambalo sijaungama kwa padri yeyote. Asubuhi ya kombe lingine nilikwenda kule bondeni nikachuma majani yale yanayowasha, yale yenye manyoya, gunia dogo, nikayasambaza juu ya Saba pale miguu yake itakapopita, nikayafunika na nyasi iliyokatwa. Nikajificha nyuma ya tuta nitazame bingwa akicheza. Akafika. Akakanyaga. Niliona vidole vyake vikijikunja. Akamuambia muchezaji asubiri, akainama, akayaokota majani yote moja moja kwa mukono, kama wale akina mama wakipanda lakini kinyume chake, akayatia mufukoni mwake mwenyewe, halafu akasema, "Mulima kidogo, Monsieur," na mupira ukaingia. Jioni alinipita mulangoni, miguu imevimba kama mikate, akaniambia, "Xavier, leo Saba ilikuwa na kisirani na mutu. Kesho kitaitoka." Basi. Hakunishitaki, hakunisema. Ningefurahi kama angenipiga. Mutu akikupiga mumekuwa wakosaji wawili.

Miye ndiye niliyefanywa kapita, si yeye, maana najua kusoma kidogo na najua kusema sana, nilifika darasa la tano na nikalisimulia kama chuo. Nilishika mwanzi, nilishika chuma cha kukatia mashimo, nikampangia Jean-Baptiste kukata mifereji kule chini mbali na Saba, na kila Jumapili wachezaji wakaniomba nimupandishe. Alipozeeka akaanza kuja na binti yake, Eulalie. Asubuhi moja napanda, naona chini ya mikaratusi kuna viatu viwili vya muke, vimepangwa sawa. Nikatazama juu. Yuko pale juu ya Saba, mukimya, mwembamba, anakanyaga mara mbili. Moyo wangu ulifanya kama pikipiki ya Delphin ikikosa esansi. Nikasema, Mungu, umemutengeneza yule mutu mara ya pili ili unikere tu?

Na ni fundi, tusidanganyane, mutu anayekufa hana faida ya kudanganya sana. Mwaka jana ugonjwa wa nyasi ulipoingia, miye nilisema tumwagie maji, yeye akasema, "Papa Xavier, iko inakunywa mingi, tuiache ikae njaa." Tukaiacha, ikapona. Wajumbe wa klabu wakamupigia makofi mbele yangu. Nikapiga makofi pia, mikono iliniuma.

Miaka miwili iliyopita Jean-Baptiste alilazwa hospitali, ugonjwa ule uliomuua, na nilikwenda kumuona, na hili mulisikilize vizuri kwa sababu nataka lisomwe siku ya kunizika, mbele ya wajumbe na mbele ya Eulalie. Nilikaa kwenye kitanda chake. Akafungua macho, akanishika mukono, akaniambia kwa sauti iliyosikika mupaka kitanda cha tatu, "Xavier, miye nilikisikia kile kilima, lakini weye ndiye mwenyewe. Kilikuwa chako." Halafu akalala. Umenasa hilo, Emmanuella? Vizuri.

Clémence, maji. Kidogo tu. Inatosha.

Basi muone: patron Guy alipokuja na karatasi yake, hakunilazimisha. Aliniambia tu, "Papa Xavier, ukisema hapakuwa golf, hapatakuwa golf," na miye nikafikiria viatu vile viwili chini ya mikaratusi, nikafikiria Eulalie akirudi Kadutu na miguu yake kwa sababu hakuna tena kitu cha kukanyaga, na nikasikia utamu, wanangu, utamu kama wa mutu aliyekula asali ya wizi. Nilisema, kama Saba si yangu isiwe ya mutu wa Jean-Baptiste. Iwe saruji.

Lakini jana alirudi na furaha yake, akatoa simu, akasema, "Tazama, Papa, nyumba ya kwanza itakavyokuwa." Picha ile ilitengenezwa na mashine. Nyumba nyeupe ya ghorofa mbili, vioo vikubwa, na balkoni. Nikauliza balkoni iko wapi. Akasema, "Pale pale kwenye Saba, ndipo ziwa linaonekana vizuri." Na kwenye balkoni wamemuweka mutu. Si mutu wa kweli, mutu wa picha, amevaa pijama, ameshika kikombe cha kahawa, miguuni yuko na sandali. Anatazama rasi zangu. Anatazama Idjwi yangu, saa kumi na mbili na nusu, umande wote uko chini ya sandali zake na hata haujui!

Sikulala. Nimemuonea Jean-Baptiste wivu miaka arobaini, na wivu wote ule ulikuwa maji ya kunawa ukilinganisha na ule niliousikia kwa yule mutu wa pijama. Nilijiuliza, Eulalie anafanya nini pale? Anapitisha mwanzi, anakanyaga mara mbili, na saa kumi jioni anachukua viatu vyake anateremka Kadutu, Saba inabaki peke yake kama nilivyokuwa nikiiacha. Yule wa pijama hateremki. Atakula pale, atagombana na bibi yake pale, atakoroma pale. Jean-Baptiste na binti yake walinichukulia sifa tu. Huyu atanichukulia asubuhi.

Kwa hiyo, Delphin, usinitazame hivyo, najua ulikwishachagua rangi ya mulango. Bluu. Mama yako aliniambia. Sitatia sahihi. Sifanyi kwa wema, usiende kuniombea utakatifu. Nafanya kwa wivu ule ule, umegeuka tu upande. Emmanuella, toa karatasi hapa chini ya muto. Saa nane Guy akija mumpe hivi hivi, pahali pa sahihi peupe, na kalamu yake mumrudishie, tusionekane wezi. Weye Delphin ndiye utakayeitoa, kwa mukono wako. Akikuuliza kwa nini, muambie baba amesema ni golf, imekuwa golf mupaka mikaratusi, kuanzia magoti ya nyanya yake. Emmanuella, hiyo sauti umpelekee mwenyekiti wa klabu leo leo, maana ndiyo ushahidi wangu, na hakuna mwingine.

Sasa vitu vyangu. Shamba la Mudaka ni la ninyi wote wawili, mutalima pamoja, na mutakaposhindwa kupatana mutamuuliza mama yenu, halafu mutanyamaza. Redio ya Clémence. Kofia ya klabu munizike nayo. Mabuti yangu... mutu anayeyataka ayachukue. Delphin, weye unapenda kujenga, jenga hapa nyuma, ukuta ule wa jikoni unaanguka, mama yako anaweka jiwe kila mwaka.

Mwanzi uko nje, umeegemea ukuta. Na chuma cha kukatia mashimo kiko chini ya kitanda, nimekifunga na kitambaa, kimepakwa mafuta. Mupelekee Eulalie. Muende wawili, muvae vizuri. Mumuambie... akate shimo la Saba kushoto wakati wa mvua. Hilo hajui. Hilo nilimuficha.

Ngojeni. Pumzi iko inapanda na kuteremka.

Njooni karibu. Wekeni vichwa hapa. Delphin, Emmanuella, Mungu awape kazi ambayo mikono yenu itaipenda kuliko midomo yenu. Awape maadui wapole. Mutembee pahali pagumu na ardhi iwashike. Clémence, miaka yote hii... weye nawe ulitembea vizuri. Sasa unaweza kulia.

Emmanuella. Bado inanasa? Kuna kitu kimoja, cha hospitali. Kisisomwe. Ukikate hapo kama unajua kukata. Mengine yote ni kweli, hata yai la mwewe. Lakini Jean-Baptiste hakusema kilima kilikuwa changu. Hakunishika mukono. Alifungua macho, akaniona ni miye, akaniuliza kama mvua imefika Saba. Nikamuambia imefika. Akasema, "Vizuri," akageukia ukuta. Ni hayo tu aliyotaka kujua. Lile lingine... nilijitungia miye, njiani, nikiteremka nyumbani.